Heri Kuliko Nini?

Mume wangu Lambert Katsuva aliandika vibao vya nusu ya mji wa Bunia. Nusu ile nyingine, alisema, iliandikwa na watu wasiojua kuandika. Akipita barabarani akakuta kibao cha kinyozi kimeandikwa SALO YA KWAFIRE badala ya SALON DE COIFFURE, alisimama, akashika kiuno, akaumia kabisa kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Siku moja alirekebisha kibao cha mtu bure, bila kuombwa, na kinyozi mwenyewe akamfukuza na mkasi mpaka sokoni. Huyo ndiye mwanaume niliyeolewa naye. Mama yangu aliniambia nitazoea. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa muongo.

Wanande wenzetu walikuja Bunia kutoka Butembo na biashara: sabuni, chumvi, vitenge, misumari. Yeye alikuja na pinso tatu za kupakia rangi, kopo la rangi ya buluu na kiburi. Alikuwa amefukuzwa seminari ndogo akiwa na miaka kumi na sita, na hakufukuzwa kwa ajili ya wasichana, ingekuwa afadhali. Padri alikuwa anasoma Injili mbele ya darasa: heri walio maskini, heri wenye huzuni, heri wapole. Lambert akainua mkono.

"Heri kuliko nani, mon père?"

Darasa likacheka. Padri hakucheka. Akamweleza kwamba heri maana yake ni furaha kamili, furaha isiyopungukiwa kitu, basi. Lambert akainua mkono tena. Kwao kijijini, akasema, bibi yake hakutamka heri bila kuliko. Heri viazi kuliko njaa. Heri jirani mchawi kuliko jirani mwizi. Sasa hii heri ya Yesu, nusu yake ya pili iko wapi? Alipouliza mara ya tatu wakamrudisha nyumbani na godoro lake kichwani. Tangu siku ile neno lile lilimkaa shingoni kama mwiba wa samaki, na miye nililala pembeni ya mwiba huo miaka kumi na minane.

Kazi yangu ni malewa. Nilikuwa na meza mbili na benchi nne pale mtaa wa Bigo, watu wanakula fufu, sombe ya majani ya muhogo na maharagi. Lambert alikula kwangu kila mchana, na kila mchana alitoa jiwe moja mdomoni na kuliweka pembeni ya sahani, polepole, ili wateja wote waone. Nasema hapa mbele ya Mungu: maharagi yangu hayakuwa na mawe. Nilikuwa nachambua kwa mikono yangu mwenyewe.

Halafu vita vikafika mpaka mlangoni. Mwezi wa tano 2003 askari wa Uganda walifunga mizigo yao wakaondoka, mji ukabaki bila mwenyewe, na kila mwenye bunduki akajifanya ndiye mwenyewe. Kabila lao sitataja. Waliotaja kabila siku zile walituletea taabu ya kutosha. Nusu ya Bigo ilikimbilia kambi ya mahema karibu na uwanja wa ndege, wengine wakaenda Beni kwa mguu na watoto mgongoni. Siye tulibaki, kwa sababu ya ndugu yangu Liévin.

Liévin ni mdogo wangu, tumbo moja. Ni infirmier, muuguzi wa hospitali. Walimkamata njiani na mfuko wa bandeji, wakamuuliza: "Bandeji hizi unafunga nani?" Naye, mwenye akili zote zile za shule, akajibu: "Mwenye kutoka damu." Jibu gani hilo! Wakasema basi anatibu adui, wakamtupa katika depo ya bia, nyuma ya bar ya Mama Fifi.

Mama Fifi mwenyewe alikuwa amekimbia zamani. Bar yake aliichukua mkubwa wao, mmoja tuliyemuita Komanda Pilipili kwa sababu ya macho yake mekundu. Kila asubuhi nilipeleka sahani ya maharagi kwa mlinzi wa depo, na kila asubuhi nilimsikia Liévin akikohoa mle ndani. Kukohoa kule ndiko kulikuwa habari yangu ya siku. Akikohoa, yuko hai.

Siku ya kwanza ya juma Komanda akatuma mtu amuite Lambert. Nilienda naye. Sikumwamini mume wangu peke yake mbele ya bunduki, angeweza kuanza kurekebisha maandishi kwenye kofia.

Komanda alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya jina la bar lililoandikwa ukutani.

"Weye njo mwenye kuandika?"

"Njo miye, afande."

"Soma pale juu."

"CHEZ FIFI, afande."

"Miye naongoza batu mia mbili. Naweza kuongoza vita nyumbani kwa Fifi?"

"Hapana, afande. Haifai."

"Ule mwenzangu wa ngambo iko na bar yake, anaiita PARADIS. Miye nataka neno ya kupita paradiso. Furaha yenye haina tundu hata moja. Neno moja tu. Si Kifaransa, si Lingala. Kiswahili bora."

Nilimtazama Lambert nikaona uso wake unaangaza. Unaangaza! Mbele ya mwizi mwenye grunedi kiunoni! Toka seminari alikuwa anangoja mtu amuulize swali lile, na wa kwanza kumuuliza ndiye huyu. Nikaona niingie kati kabla hajaomba kiti.

"Na ndugu yangu, afande? Ule infirmier wa mu depo?"

Komanda akanipima kutoka viatu mpaka kitambaa cha kichwa.

"Neno ikinipendeza, infirmier anatoka siku ya posho, jumamosi, wakati tunafungua bar. Isiponipendeza, huyu mwenye pinso anaingia kumukuta. Depo iko kubwa."

Basi uhai wa mdogo wangu ukawekwa juu ya neno moja, na mtafutaji wa neno alikuwa Lambert. Nililia njia nzima. Yeye alitembea mbele, midomo inacheza.

Kesho yake malewa yangu ikawa chuo kikuu. Wateja walikuwa wawili tu: jirani yangu Joséphine, mjane mwenye ulimi, na Muzee Ramazani, mchimba dhahabu wa Mongbwalu ambaye vita vilimtoa mgodini na koleo lake begani. Alikuwa mngwana wa Kisangani, mtu wa sala tano, na alikula maharagi yangu bila kutoa jiwe hata siku moja.

"Furaha," nikasema miye. "Neno liko palepale, muandike tulale."

"Haiwezekani," akasema Joséphine. "Furaha ni jina ya muke wa kwanza wa Komanda. Alimukimbia na dereva. Bigo yote inajua."

"Raha?"

Lambert akatikisa kichwa. Raha, akasema, ni ya mwili: kiti, kivuli, viatu vimevuliwa. Na ukiandika RAHA juu ya bar watu watafikiri kuna vyumba kwa nyuma.

"Viko," akasema Joséphine.

Bonheur, furaha ya Kifaransa, ilikuwa imekatazwa, lakini Lambert hakuweza kuiacha ipite bila somo. Watu wanafikiri ni bonne heure, saa nzuri, kumbe hapana, ile heur ya zamani ni bahati tu, haina saa ndani yake. Esengo, furaha ya Lingala, nayo ilikuwa imekatazwa, na miye nilishukuru, kwa sababu askari wa mwisho kuimba esengo mbele ya nyumba yangu aliondoka na kuku wangu wawili. Mwishowe Lambert akafika pale nilipojua toka asubuhi kwamba atafika.

"Inabaki heri," akasema. "Lakini nusu yake ingine sijaipata."

Muzee Ramazani akafuta mdomo. "Nusu gani unatafuta, mwanangu? Ile neno ni ya Kiarabu. Khairi. Kwao ni uzuri, baraka. Na tena neno ile ile ni 'bora kupita'. Haukuwahi kumusikia muadhini alfajiri? Anasema sala ni khairi kuliko usingizi. Tangu zamani neno iko na vichwa mbili."

Lambert aliangusha kijiko. Miaka yote alikuwa amedhani bibi yake na padri wanasema maneno mawili yanayofanana, na kumbe ni neno moja.

"Na ilifikaje huku kwetu?" akauliza.

"Ilipanda na misafara kutoka pwani. Bazee yetu wa zamani waliileta mpaka Kisangani, pamoja na bunduki na minyororo ya kufunga batu."

"Kwa hiyo neno la furaha kamili lililetwa na wenye bunduki," nikasema.

"Basi tuwarudishie wenyewe," akasema Joséphine, na akaomba aongezewe sombe.

Lambert akaandika. Alifuta CHEZ FIFI, akapaka ukuta chokaa, akachora herufi nne za buluu, kila moja kimo cha mtoto wa miaka mitano: HERI. Nasema kweli, ilikuwa nzuri. Komanda akazunguka mara mbili, akauliza kama ni ile ya Biblia.

"Njo ile, afande. Heri wapole."

"Miye niko mupole," akasema Komanda. Halafu akacheza. Nilimuona kwa macho yangu: mikono juu, kiuno kinazunguka, grunedi inaruka-ruka. Neno lilikuwa limempendeza.

Siku ya posho wakafungua, kasiksi, pombe ya ndizi, ikamwagika madumu kwa madumu. Nilikuwa mlangoni na nguo safi za Liévin ndani ya mfuko. Komanda akaniambia kesho. Kesho yake akaniambia kesho. Wakati ule tayari kitu kilikuwa kimeanza kuharibika, na kosa lilikuwa la mji mzima.

Mtu wa Bunia hawezi kuona HERI imesimama peke yake. Ulimi unamuwasha. Wa kwanza alikuwa mama mmoja wa sokoni mwenye beseni la ndizi. Alisoma kwa sauti: "Heri… Heri nini?" Akaendelea na safari yake: "Heri miye nirudi nyumbani kuliko kupita hapa." Mwingine akacheka, akamaliza kivyake. Kufika jumatatu watu walikuwa wanazungusha njia makusudi ili wapite pale, wasome, wamalizie. Heri kulala njaa kuliko kulala na viroboto wa kambi. Heri mama mkwe kuliko bomu. Heri bomu kuliko mama mkwe, hiyo ilikuwa ya Joséphine.

Kama ingebaki kwa raia, pengine Komanda angecheka. Lakini walinzi wake nao walikuwa na ndimi. Walikunywa wakitazama ukuta, na kasiksi ikiwaingia wakaanza. Mmoja akasema heri kulima maharagi kule Marabo kuliko kulinda chupa tupu. Wenzake wakacheka, kisha mwingine akasema heri kwetu. Hakusema kuliko nini. Asubuhi wanne hawakuonekana. Bunduki zao zilikutwa zimeegemezwa ukutani, chini ya herufi R, zimepangwa vizuri. Kesho yake wakaondoka saba.

Jumatano tukaitwa. Lambert alikuwa anaandika jina kwenye msalaba wa kaburi la mtu, akaenda na kopo na pinso mkononi vile vile.

"Neno yako inakula batu yangu," akasema Komanda. Safari hii hakukaa.

"Neno haina kosa, afande," akasema Lambert. "Ni batu njo wanaimalizia."

Mungu wangu! Nilimfinya mgongoni, hakusikia. Nikaruka mbele miye mwenyewe, kwa sababu hofu yangu ilikuwa imegeuka hasira, na hasira yangu haina breki.

"Afande, weye ulisema neno ikikupendeza, ndugu yangu anatoka. Ilikupendeza. Nilikuona. Ulicheza!"

Walinzi wakatazama chini. Mmoja alikohoa ili asicheke. Komanda akaelekeza kichwa kwenye depo.

"Sawa. Miye niko mutu ya neno. Ilinipendeza, infirmier anatoka. Sasa inaniudhi, mwandishi anaingia. Neno moja, batu wawili. Hatudaiane."

Wakafungua kadenasi, kufuli la depo. Liévin akatoka amefunga macho kwa sababu ya jua, mwembamba, nguo zinamning'inia. Nikamshika upande mmoja, na upande wa pili nikamuona mume wangu anapita mbele yangu kuelekea mlango ule, anatembea kawaida, kopo la rangi bado mkononi, kama mtu anayeenda kazini.

"Lambert! Sema kitu! Muombe msamaha!"

Akageuka mlangoni. Alinitazama miye, akamtazama Liévin.

"Heri miye kuliko Liévin," akasema.

Mlango ukafungwa. Miaka kumi na minane hakuwahi kumaliza sentensi ile, na siku aliyoimaliza nilitaka kumpiga. Ndiyo, nilitaka kumpiga, na nilimpenda, vyote kwa pamoja. Liévin, ambaye hakuweza kusimama vizuri yeye mwenyewe, ndiye aliyenirudisha nyumbani.

Siku kumi na moja nilipeleka sahani. Nilichambua maharagi mara tatu, moja moja, kama dhahabu ya Muzee Ramazani. Liévin alikuwa mtu wa kukohoa, nilijua namna ya kumsikiliza. Lambert hakukohoa. Nilisimama pembeni ya mlinzi nimetega sikio, na ndani kulikuwa kimya kabisa. "Anakula?" nilimuuliza mlinzi. "Sahani inarudi tupu," akajibu, na miye nikamtazama mashavu yake kama yamenenepa.

Mwezi wa sita askari wa Ufaransa walishuka uwanja wa ndege. Mji ulilia risasi siku mbili. Siku ya tatu asubuhi kukawa kimya, na Joséphine akapiga mlango akasema bar ni tupu, Komanda ameondoka na viti vyote vya plastiki. Nikachukua mchi wa kutwangia sombe, nikatoka mbio. Liévin alinifuata anaita jina langu, Adèle, Adèle. Alikuwa anataka kufika kabla yangu, na nilijua kwa nini. Tulikuwa tumesikia habari za depo zingine zilizofunguliwa asubuhi ile, na vitu walivyokuta ndani. Niliogopa. Sijawahi kuogopa vile, kabla wala baadaye.

Niligonga kadenasi mara sita. Ya saba ikaachia.

Harufu kwanza, halafu giza, halafu bati moja lenye tundu juu na mwanga unaingia kama kidole. Ukuta wote ulikuwa buluu. Aliandika kutoka juu alipofika mkono wake mpaka chini, mistari imenyooka, hakuna kosa hata moja. HERI PANYA KULIKO KOMANDA. HERI MVUA KULIKO RISASI. HERI KINYOZI MWENYE MAKOSA KULIKO KINYOZI ALIYEKIMBIA. HERI BANDEJI KULIKO BENDERA. Mistari sijui hamsini, sijui sitini. Na chini ya mistari, mgongo ukutani, alikuwa amekaa Lambert, ndevu kama za mtume, mifupa mitupu, macho wazi. Alikuwa ananitazama. Alikuwa anapepesa.

Liévin akapiga magoti, akamshika mkono kuhesabu mapigo ya damu. "Iko muzima," akasema, na akaanza kulia kama mtoto. "Dada, iko muzima."

Nilikuwa nimeona mstari wa mwisho kabisa, pembeni ya bega lake, karibu na sakafu.

HERI MAHARAGI YA ADÈLE, HATA NA MAWE.

Nilitafuta kuliko. Nilitafuta mpaka kwenye kona, haikuwepo. Nikafikiri rangi ilimwishia. Nikatazama ndani ya kopo, na rangi ilikuwamo, vidole viwili.

Basi nikaacha mchi uanguke. Nikapiga magoti pale pale kwenye uchafu, nikamshika uso kwa mikono yote miwili, machozi yananitoka puani na mdomoni, na baada ya siku kumi na moja neno la kwanza nililomwambia mume wangu lilikuwa:

"Mawe gani?"